Sukari Isiyokaa Bakulini

Maradhi yana majina, na kila jina lina kazi yake. Jina jema humwongoza mgonjwa; jina lenye upungufu humwonyesha mlango mmoja likamsahaulisha milango mingine. Ugonjwa ambao Wayunani wa kale waliupa jina lenye maana ya kupita au kuchuruzika, na ambao waganga wa Ulaya waliuongezea baadaye neno la Kilatini lenye maana ya utamu wa asali, sisi tunauita kisukari, au ugonjwa wa sukari. Jina letu ni fupi, nalo hueleweka hata na mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kama jina hilo halijatufunika macho kidogo. Kwa msemaji wa Kiswahili sukari ni kitu kimoja tu: zile chembechembe nyeupe au za hudhurungi zikaazo bakulini zikingoja kijiko. Basi mtu akiambiwa ana ugonjwa wa sukari, jambo la kwanza afanyalo ni kulifunika bakuli, kisha hutulia kama mtu aliyemfungia mwizi nje. Kumbe mwizi yumo ndani, naye anatumia majina mengine.

Mimi ni mwalimu wa lugha mwenye stashahada ya ualimu. Umri wangu umevuka miaka arobaini, na makazi yangu ni Kiriri, kwenye vilima vya mashariki ya jiji la Bujumbura, mahali ambapo mtu akitoka nje asubuhi hulitazama Ziwa Tanganyika chini yake na milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Si daktari wala muuguzi. Nathubutu kuliandika jambo hili katika jarida la walimu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya nyumbani. Mama yangu mzazi, ambaye ninaishi naye, hawezi tena kusoma kwa ajili ya ugonjwa huu. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi huiharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, na mwanga huondoka polepole bila maumivu, hata mtu akashtukia kwamba herufi zimekuwa moshi. Nami nilipopimwa mwaka jana asubuhi kabla ya kula chochote, damu yangu ilionyesha miligramu 118 kwa desilita. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mtu anayefikia 126 na zaidi, kipimo kikirudiwa, huhesabiwa kuwa na kisukari. Aliye kati ya 110 na 125 yuko ukingoni. Mimi basi niko ukingoni, na kazi yangu ni kazi ya macho.

Sababu ya pili ni ya darasani. Nimeona kwamba sukari, kabla ya kujificha katika chakula, hujificha kwanza katika maneno. Na maneno ndiyo shamba letu sisi walimu wa lugha.

Tulitazame neno lenyewe. Sukari tuliipokea kutoka kwa Waarabu, wanaosema sukkar; Waarabu waliipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi, ambao katika Kisanskriti waliiita sharkara, yaani changarawe, kwa kuwa mua uliopikwa na kukaushwa ulifanana na mchanga mnene. Neno hilohilo likaenda Ulaya likawa sucre kwa Wafaransa na sugar kwa Waingereza. Na sisi Warundi twasema isukari. Ni neno lililosafiri pamoja na bidhaa yake. Huko Pangani, katika karne ya 19, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Hapa Burundi miwa yetu hulimwa Moso, kusini-mashariki ya nchi, ambako kiwanda cha SOSUMO kilijengwa katika miaka ya 1980.

Watu wa pwani wa zamani, kwa kuwa waliuona mua ukikamuliwa na kupikwa mbele ya macho yao, walikuwa na msamiati mpana kuliko wetu. Walijua asali ya nyuki na asali ya miwa. Walijua sukari guru na sukari ya mchanga. Walijua shira, ule utamu mzito unaomiminwa juu ya vitumbua na kaimati. Kwao utamu ulikuwa na sura nyingi. Sisi tunaonunua pakiti iliyofungwa tumebakiwa na sura moja. Na tazama ajabu ya mambo: katika miaka ya karibuni sukari ya mchanga imeadimika mara nyingi madukani Bujumbura, watu wakaitafuta huku na huko kama dawa, lakini sukari iliyokwisha kuchanganywa ndani ya makopo na chupa kutoka nchi za nje haikukoma kukaa rafuni ikitutazama.

Mama alipopewa habari ya ugonjwa wake, alifanya wafanyavyo wengi. Aliliondoa bakuli mezani, akanywa chai isiyo na sukari, naye hakunung'unika hata siku moja. Miezi mitatu ikapita. Kipimo kikabaki palepale. Ndipo tulipoketi jikoni, tukakiweka mezani kila kitu kilicholiwa nyumbani kwa juma moja, nami nikaanza kumsomea maandishi ya pakiti moja baada ya nyingine. "Usinirukie mstari, mwanangu," aliniambia, "nisomee kama ulivyokuwa ukinisomea kitabu cha shule."

Nikasoma. Palikuwa na kopo la unga wa kinywaji cha kimea na kakao: katika orodha ya vilivyomo, sukari ilitajwa ya kwanza. Palikuwa na pakiti ya unga wa uji wa mahindi, mtama na soya, uuzwao kwa sifa ya kuwajenga watoto na wagonjwa: sukari ilikuwa ya nne. Palikuwa na mtindi wenye picha ya matunda: sukari ilifuata mara tu baada ya maziwa. Palikuwa na chupa ya sosi ya nyanya, ambayo mama hupenda kuila na mayai. Na katika aina nyingi za sosi hiyo sukari hukaribia robo ya uzito wote. Palikuwa na kopo dogo la maziwa mazito matamu, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Palikuwa na boksi la maji ya matunda, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyotengenezwa kwa shira. Katika vitu hivyo vyote hapana hata kimoja ambacho mama angekiita sukari, na hata mimi nisingekiita hivyo.

Kijiko cha chai hubeba yapata gramu 4 za sukari. Zamani mtu angeweza kuvihesabu vijiko vyake vyote kwa kuvitazama. Leo hawezi, maana vingi vimekwisha kutiwa na mkono mwingine. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari huru isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote tunayoipata katika chakula, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya hapo, yaani kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida. Sukari huru ni ile inayotiwa na kiwanda, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na ile iliyomo katika asali, shira na maji ya matunda. Sasa pima: kopo moja la soda la mililita 330 huwa na gramu 35 hivi, karibu vijiko 9. Glasi ya mililita 250 ya maji ya machungwa, hata kama umeyakamua kwa mikono yako, huwa na gramu 20 au zaidi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi kibaba chetu kilijaa kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo hadithi haiishii kwenye sukari iliyotiwa. Iko sukari nyingine ambayo haina ladha ya utamu kabisa, nayo ni wanga. Neno hili nalo lina mambo yake. Pwani, wanga ni ule unga laini mweupe uliotokana na viazi vya mwituni na mihogo. Lakini wanga pia ni wingi wa mwanga, yaani mchawi atembeaye usiku. Wanafunzi wangu hucheka sana nikiwaambia hivyo, nami huwaacha wacheke, kwa sababu mzaha huo una ukweli ndani yake: wanga wa chakula nao hufanya kazi yake gizani.

Wanga si kitu kingine ila mnyororo mrefu wa glukozi, kama vile sentensi ilivyo mnyororo wa maneno. Ulimi hausikii utamu kwa sababu viungo vya mnyororo vimeshikana. Lakini mate yetu yana kimeng'enya kinachoanza kuukata mnyororo huo tangu mdomoni. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha watoto jambo hili hahitaji maabara: na amwambie kila mmoja achukue tonge dogo la ugali au kipande cha mkate, akitafune kwa muda mrefu pasipo kukimeza. Baada ya kitambo atasikia utamu ukija. Hakuna aliyetia sukari, ilikuwamo. Kazi iliyoanzwa na mate humalizwa tumboni, na glukozi huingia katika damu. Aliye na afya hutoa insulini ya kutosha kutoka kongosho, sukari ikapokewa na mwili. Mwenye kisukari hana insulini ya kutosha, au mwili wake hauitii, basi sukari hubaki ikizunguka katika damu na kuharibu.

Ndiyo maana muuguzi wetu, alipoisikia orodha ya jikoni, hakusema tu, "Acha sukari." Alisema, "Punguza wanga, na uitafute sukari iliyojificha." Ni ushauri mgumu katika nchi ambayo sahani yake ni ugali wa muhogo, viazi vitamu, ndizi, wali na mahindi. Gramu 100 za unga wa muhogo ni zaidi ya gramu 80 za wanga mtupu. Katika vitabu tulivyosomea utotoni, vyakula viligawanywa mafungu matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili, na sukari ilipewa kiti cha heshima katika fungu la kwanza, ikakaa kando ya ugali. Mgawanyo ule haukuwa wa uongo. Mtu alimaye tangu alfajiri anaihitaji nguvu hiyo na kuitumia. Lakini mwalimu aketiye akisahihisha madaftari, na bibi kizee asiyetoka nje, hawana jembe la kuimalizia.

Hapa yanipasa niweke onyo, wasomaji wapenzi, ili maneno yangu yasimdhuru mtu. Mgonjwa anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, asipunguze wanga kwa ghafula pasipo kumwambia daktari wake. Kwa kuwa dawa ikibaki ileile na chakula kikipungua, sukari yaweza kuanguka mno, na kuanguka huko ni hatari kubwa na ya haraka. Wala mtu asiache dawa kwa sababu ameacha mandazi.

Tukirudi kwenye maneno, tuisome pakiti kama tusomavyo matini nyingine yoyote. Duka la Bujumbura ni darasa la isimu. Bidhaa za Tanzania huja na Kiswahili na Kiingereza, za Kenya na Uganda aghalabu na Kiingereza, za Ulaya na Kongo na Kifaransa, na za Ghuba na Kiarabu. Ingawa lugha ni nyingi, kanuni ni moja: kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya mwaka 1985 kuhusu maandishi ya vyakula vilivyofungwa, vilivyomo hutajwa kwa kufuata uzito, kilicho kizito zaidi kikitangulia. Hivyo mpangilio wa maneno katika orodha hiyo una maana, kama ulivyo mpangilio wa maneno katika sentensi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, hapana haja ya kuuliza zaidi.

Lakini wenye viwanda nao ni mafundi wa lugha. Badala ya kuitaja sukari mara moja kwa wingi wake wote, kiwanda chaweza kutumia aina tatu au nne, kila moja kidogo, na kila moja ikashuka chini katika orodha. Msomaji asiye na msamiati atapita juu yake bila kusimama. Basi wanafunzi wangu nimewapa ufunguo wa kwanza: neno lenye mwisho wa -ozi liangaliwe. Sukrozi, ambayo Wafaransa huiita saccharose, ni sukari yetu ya bakulini, ndugu wa damu wa neno sukari lenyewe; glukozi na dekstrozi ni kitu kimoja; fruktozi ni sukari ya matunda; laktozi ni ya maziwa; maltozi ni ya kimea. Kila kanuni ina vighairi vyake, na hii nayo inacho kimoja: selulozi. Hiyo ni nyuzinyuzi za mimea ambazo mwili wetu hauwezi kuzigeuza kuwa sukari. Ufunguo wa pili ni shira au siropu ya namna yoyote, iwe ya glukozi, ya mahindi au ya miwa, pamoja na molasi, asali na maji ya matunda yaliyokolezwa. Wa tatu ni maltodekstrini, ambayo mara nyingi haihesabiwi katika mstari wa sukari, wala haina utamu mwingi, lakini huipandisha sukari ya damu upesi.

Nataka tusimame kidogo kwenye sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya lile boksi la maji ya matunda. Nikiifasiri kwa Kiswahili, ilisema: bila sukari iliyoongezwa. Mama aliposikia maneno matatu hayo alifurahi, kwa maana sikio lake lilishika mawili ya kwanza, bila sukari, na hayo ndiyo yaliyotangulia. Lakini sisi walimu, ambao tumewatesa wanafunzi wetu miaka mingi kwa kirejeshi, tunajua kazi ya -yo- katika neno iliyoongezwa. Kirejeshi hicho huipunguza maana ya nomino. Anayesema "sina watoto waliooa" hasemi kwamba hana watoto. Vivyo hivyo anayesema "bila sukari iliyoongezwa" hasemi kwamba hamna sukari; anasema tu kwamba yeye hakuongeza nyingine juu ya ile iliyokuwamo. Katika boksi hilo, upande wa nyuma, kwa herufi ndogo, palikuwa na gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100. Hakuna uongo uliosemwa. Ukweli wote umebebwa na silabi moja, nayo imewekwa mahali ambapo mtu mwenye kiu haifikii. Ili chakula kiitwe "kisicho na sukari" bila kirejeshi chochote, viwango vya kimataifa vinataka kiwe na nusu gramu au pungufu katika gramu 100. Tofauti kati ya semi hizo mbili ni tofauti ya sarufi kwanza, ndipo inakuwa tofauti ya afya.

Sehemu nyingine ya matini hii ni jedwali la nyuma. Huko huandikwa wanga kwa jumla, na chini yake, kwa kuingia ndani kidogo, "kati yake sukari". Wengi huutazama mstari wa pili tu. Mkate mweupe hufaa kuwa mfano: sukari yake yaweza kuwa gramu 3 au 4 tu katika gramu 100, na msomaji akashangilia, lakini wanga wake wa jumla hukaribia gramu 50, na wote huo utakuwa glukozi. Anayekula mlo wa wanga kidogo asome mstari wa juu kwanza. Tena aangalie kama hesabu imefanywa kwa gramu 100 au kwa kipimo kimoja cha mlo, maana kipimo cha kiwanda huwa vijiko viwili, na kipimo cha mtu mwenye njaa chakijua tumbo lake.

Yako vilevile yasiyo na maandishi. Mandazi ya asubuhi hayana lebo, wala maji ya maembe ya nyumbani, wala urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi mbivu. Ndizi mbichi ina wanga mwingi. Kadiri iivavyo wanga huo hugeuka sukari, na anayeionja huisikia safari hiyo kwa ulimi wake. Pombe ikichachuka chachu hula sehemu kubwa ya sukari, lakini haimalizi yote. Katika vitu hivi msomaji hana orodha ya kusoma. Hana budi kumwuliza mpishi, na kuuliza nako ni stadi ya lugha.

Tena kuna adabu. Katika nchi yetu kinywaji si kinywaji tu. Posa haijibiwi, harusi haisherehekewi na matanga hayaondolewi pasipo chupa kupita mikononi. Na kila kinywaji kitamu, hata kama jina lake ni jingine, watu wengi hukiita fanta. Kukataa chupa ya mtu ni kama kumkataa yeye mwenyewe. Katika arusi moja ya ukoo wetu mzee wa upande wa pili aliniuliza, "Mwalimu, mbona waikataa heshima yangu?" Nikamjibu, "Heshima yako nimeipokea kwa mikono miwili, mzee wangu. Nijazie maji, nikuombee heri kwayo." Akacheka, akanimiminia mwenyewe, na bibi mmoja aliyeketi kando yangu akainua glasi yake akaomba maji vilevile, akisema kwamba alikuwa akiogopa kuwa wa kwanza. Walioficha ugonjwa karamuni ni wengi kuliko tunavyodhani. Na Waswahili wamekwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mtu asiniulize basi tule nini, kana kwamba tumehukumiwa njaa. Ziwa liko chini yetu, na samaki hana wanga: mukeke wa kuchoma, ndagala wabichi au wakavu, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake, maana bei ya samaki siku hizi haimhurumii mwalimu. Yako mayai, lengalenga, sombe, kabichi, biringanya na nyanya mbichi. Liko parachichi, ambalo wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Yako maharage, chakula cha Mrundi tangu babu zetu. Yana wanga, lakini yana protini na nyuzinyuzi, na sukari yake huingia katika damu polepole. Nyumbani kwetu mboga hujaza nusu ya sahani, samaki au maharage robo, na ugali umebakiwa na robo ya mwisho, si mlima tena bali kichuguu. Mtindi tunanunua ule usiotiwa kitu, karanga zile zisizopakwa sukari. Baada ya kula mimi hutembea, na Kiriri haina njia tambarare. Miguu inayopanda kilima huitumia sukari ambayo ingebaki katika damu. Kipimo cha mama kimeshuka, ingawa macho yaliyokwisha kudhurika hayakurudi. Changu kilisoma 104 mara ya mwisho.

Nisingeyataja haya yote kama yangekuwa ya nyumba moja. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu, na bidhaa zinavuka mipaka pamoja na maneno yake. Wanafunzi wetu wataishi na pakiti kuliko walivyoishi wazazi wao. Napendekeza basi kwamba kila mwalimu, walau mara moja katika muhula, aje darasani na pakiti tupu badala ya kitabu. Na aulize: kipi kimetajwa kwanza, na kwa nini? Ni maneno mangapi hapa yana maana ya sukari? Kirejeshi kimefanya kazi gani katika sentensi hii? Fasirini orodha hii kwa Kiswahili ambacho bibi yenu atakielewa. Zoezi la mwisho ndilo gumu, nalo ndilo lenye faida, kwa kuwa kuna nyumba ambayo mtoto huyo ndiye msomaji pekee.

Nasi wenyewe tuna deni la istilahi. Neno wanga tunalitumia mara kwa kabohaidreti zote, mara kwa ule unga usio na utamu peke yake; mtafsiri akilitumia bila uangalifu, mgonjwa hupotea njia. Na tuamue, na tuandike sawasawa, na tuvidai viwanda vinavyouza kwetu viandike kwa lugha tunayoisoma, kwa herufi zinazoonekana, na neno sukari litajwe waziwazi popote ilipo. Mwenye macho haambiwi tazama, ni kweli. Lakini macho peke yake hayasomi. Kusoma hufundishwa, na wa kufundisha ni sisi.